Sheria Niliyoibandika Juu ya Redio

Nilikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha mablanketi upande wa viwandani, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani kwetu Kaloleni, Nairobi. Kazi yangu niliijua. Ungenifunga kitambaa machoni ningekuonyesha robota lolote la pamba lilipo. Kilichonishinda ni Kiingereza. Kwetu Pwani nilisoma miaka minne tu, kisha baba akafariki nikaacha shule, na Kiingereza nilichokuja nacho Nairobi kilitosha kusoma vibandiko vya mizigo na kuitikia ninapoitwa.

Siku moja paa la stoo lilivuja, marobota yakalowa, nikaamriwa kuandika ripoti. Nikaiandika jioni nzima. Asubuhi meneja aliwaita makarani ofisini kwake, mimi nimesimama mlangoni, akawasomea ripoti yangu kwa sauti. Nilikusudia kusema kwamba maji ya mvua yalipenya darini. Kumbe nilichoandika ni kwamba mvua iliingia stoo bila ruhusa. Wakacheka mpaka mmoja akaegemea kabati. Mimi nami nilicheka, maana sikujua la kufanya na uso wangu. Wiki mbili baadaye kijana aliyekuwa ametoka shule majuzi akawekwa juu yangu, na kila asubuhi alikuja kuniuliza marobota yako wapi.

Nalieleza hili si kwa kujitetea. Nataka tu ieleweke nilikotoka jioni ile nilipoingia nyumbani na kipande cha karatasi ngumu kwapani.

Tulikuwa na vyumba viwili, na watoto wawili, wote wasichana. Kifungua mimba wangu alikuwa darasa la tano, mdogo wake ndiyo kwanza ameanza la kwanza. Mke wangu alitoka Pwani kama mimi, lakini hakuingia shule ya serikali hata siku moja. Alisoma chuoni, akahitimu Kurani, na kwa herufi za Kiarabu aliandika Kiswahili safi kuliko barua zote zilizowahi kupita ofisini kwetu. Kila jioni alikanda unga wa mahamri ya kesho yake, na wanangu walikaa kwenye mkeka wakimzunguka.

"Kitendawili!" angesema, mikono imo ndani ya unga.

"Tega!"

"Namzamisha kila siku, naye huibuka kanenepa."

Mdogo angeruka. "Hamri!"

"Umekula nini leo wewe, mbona una akili hivyo?"

Baada ya vitendawili hufuata hadithi. Kulikuwa na moja waliyoipenda mno, ya kobe aliyekwenda kumposa binti wa sultani, akatembea polepole hivi kwamba alipofika alimkuta bibi harusi ana wajukuu. Mke wangu aliisimulia kwa sauti tano tofauti. Mimi nilikuwa nikisikiliza kutoka chumba cha pili, nimejilaza, nikijifanya nasoma gazeti. Ilikuwa starehe yangu kubwa na sikujua kuwa ni starehe.

Jioni ile niliwakuta katikati ya hadithi. Nikachukua misumari, nikaigongomea ile karatasi ukutani juu ya redio. Nilikuwa nimeandika kwa Kiingereza, herufi kubwa, kwamba nyumba hii itasema Kiingereza tu, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa.

Mke wangu alifuta mikono. "Imeandikwa nini?"

Nikamweleza.

"Na mimi?" akauliza.

"Wewe utajifunza pole pole. Mama watoto, dunia imegeuka. Kwenye mtihani wa darasa la saba hakuna Kiswahili. Kuna Kiingereza, kuna hesabu, na zile habari za jumla, nazo zimeandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili hakitawapeleka popote."

"Mimi sikutaka kiwapeleke popote," alisema. "Nilitaka wakae nacho hapa."

Nikamwambia mcha mwana kulia hulia mwenyewe, na mazungumzo yakaishia hapo. Nilikuwa mtu wa kumaliza mazungumzo kwa methali.

Jambo la kwanza kupotea lilikuwa maamkizi. Kiingereza hakina shikamoo. Wanangu walinipokea mlangoni na "gudi ivning, dadi," na mama yao, kwa kuwa hawakujua wamwambie nini, wakawa wanampita tu. Siku ya tatu aliniuliza kwa sauti ya chini, "Watoto hawaniamkii tena?" Nikamwambia wataniamkia mimi kwa niaba yake. Leo hata mwenyewe sielewi nilimaanisha nini.

Shuleni matokeo yalionekana upesi. Muhula ule ule kifungua mimba alikuwa wa kwanza kwa Kiingereza darasani, na mwalimu akaandika sifa kwenye ripoti kwa wino mwekundu. Niliitembeza ripoti ile Kaloleni nzima. Majirani waliniuliza siri yangu, nami nikawaambia, na wawili watatu wakabandika karatasi kwao pia.

Ila nyumba ilinyamaza. Wasichana walijibu nilipowauliza, kisha wakatafuta sababu ya kutoka. Nilidhani wanasoma kwa wenzao. Siku moja nilirudi mapema, na nyuma ya ukumbi wa mtaa nikasikia kicheko kikubwa. Watoto kama kumi na watano walikuwa wameketi kwenye nyasi, na mbele yao amesimama kifungua mimba wangu, mikono hewani.

"Sasa kobe akavaa suti ya buda yake," alikuwa akisema, "akashika njia mosmos kwenda kukatia manzi wa chifu. Akafika kwa geti, karao akamwambia, 'We mzee, kuja kesho.' Kobe akasema, 'Kesho? Nimetoka home nikiwa kijana!'"

Watoto wakagaagaa. Ilikuwa hadithi ya mama yake. Sultani amekuwa chifu na mlinzi wa kasri amekuwa polisi, lakini zile sauti tano zote zilikuwepo, na mahali pa kunyamaza alinyamaza vilevile kama mama yake. Nilisimama nyuma ya ukuta. Kuna sehemu ya moyo wangu iliyotaka kukaa kwenye nyasi pamoja nao. Badala yake nilimwita kwa Kiingereza. Alishusha mikono, uso ukafungika, akanifuata nyumbani. Nilimchapa kwa ajili ya lugha ile ya vijiweni. Sikumwambia kwamba amesimulia vizuri. Sikumwambia siku ile wala baadaye.

Mke wangu alijaribu. Hilo lazima niliseme. Kwa majuma kadhaa alimwomba kifungua mimba amfundishe maneno machache mchana, mimi nikiwa kazini. Jioni moja nilipoingia alisimama, akajifunga leso vizuri, akasema, "Gudi ivning, masta. Ze rais izi redi." Alikusudia kusema wali uko tayari.

Mdogo ndiye aliyecheka kwanza, kicheko cha mtoto kisicho na ubaya. Mkubwa akafuata. Kisha nikacheka mimi. Nilicheka kama walivyonicheka makarani, nimeegemea mlango, na nilipomtazama mke wangu nilimwona anatabasamu vile vile nilivyotabasamu mimi mlangoni mwa meneja. Niliutambua uso ule. Ungetegemea mtu aliyepitia jambo hilo anyamaze papo hapo. Mimi niliketi kula, nikawa namwiga tonge baada ya tonge. "Ze rais, ze rais." Hakujaribu tena.

Sasa nije kwenye habari ya bati. Shuleni mwao kulikuwa na kipande cha mbao chenye kamba. Mtoto akikutwa anasema lugha ya kwao alivikwa shingoni, akakaa nacho mpaka amsikie mwingine akikosea, ndipo amvike yule. Aliyekuwa nacho kengele ya kurudi nyumbani ikilia ndiye aliyechapwa. Mimi niliona mpango huo ni mzuri. Nilichukua kifuniko cha mkebe wa kakao, nikakitoboa, nikatia uzi, nikakitundika kwenye msumari chini ya ile karatasi. Sheria ilikuwa kwamba atakayekutwa na bati hilo nikirudi kutoka kazini hapati chakula cha jioni pamoja nasi mezani, atakula peke yake jikoni.

Mdogo ndiye aliyelivaa karibu kila siku. Alikuwa na miaka saba. Akianguka alisema "mama," akishtuka alisema "mama," na mkubwa, ambaye naye aliogopa kulivaa, alimsikiliza kama askari. Walikuwa wamependana sana wale watoto. Bati liliwafanya wakae pembe mbili za chumba.

Siku moja, nafikiri ilikuwa Alhamisi, niliingia nikakuta wasichana wote wawili wameketi mezani na vitabu vyao, shingo zao tupu. Nilifurahi. Nikatazama msumari, bati halikuwepo. Kisha mke wangu akatoka jikoni na sufuria ya mchuzi. Alikuwa amelivaa yeye, juu ya kanga, linang'aa kifuani.

"Nini hiki?" nikauliza.

Mdogo akaanza kulia. Akaeleza kwa Kiingereza cha kukatikakatika kwamba yeye ndiye aliyekuwa nalo, akalia sana, mama akamvua na kujivika mwenyewe.

Mke wangu aliweka sufuria chini. "Mimi ndiye ninayesema Kiswahili humu ndani kuliko wote," alisema. "Kwa hiyo ni langu."

Nimeipitia dakika ile mara nyingi. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kunyoosha mkono nikate ule uzi. Ulikuwa uzi wa kushonea viatu, hafifu. Watoto walikuwa wananitazama mimi, si yeye, wakingoja waone baba atafanya nini. Nami nikafikiri kwamba nikilegeza leo, kesho hakuna sheria. Nikavuta kiti, nikaketi, nikasema kwa Kiingereza, sheria ni sheria.

Alipakua. Akatuandalia sote watatu. Kisha akachukua sahani yake, akaenda kula jikoni, na bati lake. Nilisikia likigonga ukingo wa sahani kila alipoinama. Mdogo hakugusa chakula. Mkubwa alikula chake chote, kichwa chini, na alipomaliza akaniomba ruhusa ya kuondoka mezani kwa Kiingereza kilichonyooka kama cha kitabuni.

Tangu siku ile mke wangu alilivaa mwenyewe kila Jumatatu asubuhi na kulivua Ijumaa jioni. Hakugomba, hakulalamika. Mdogo hakulivaa tena. Jirani mmoja alimuuliza ni dawa ya nini, akasema ni dawa ya mdomo.

Ukaja mwaka wa mtihani wa kifungua mimba. Shule iliwaita wazazi wa darasa la saba waje waonane na mwalimu wa darasa, alasiri moja ya katikati ya wiki. Nilimwambia mke wangu atangulie, mimi nitaomba ruhusa kazini nimkute huko. Alivaa buibui lake jipya. Bati alilivua, na sikusema neno. Akachukua sweta ya mtoto, maana asubuhi ile alikuwa ameisahau na kulikuwa na baridi ya mwezi wa saba.

Nilichelewa. Nilipofika darasani mwalimu, mama mmoja mpole wa makamo, alikuwa anamaliza na mzazi mwingine. Akanikaribisha.

"Karibu, mzazi. Binti yako atafaulu huyu, usiwe na wasiwasi. Pole lakini kwa mama yao kusafiri."

"Kusafiri?"

"Ameniambia mama amekwenda Mombasa kuuguza. Ndiyo maana mmemtuma yaya." Akaelekeza kidole dirishani.

Nje, kwenye benchi lililokuwa karibu na jiko la shule, mke wangu alikuwa ameketi peke yake, sweta mapajani. Amekaa wima kama mtu anayengoja kuitwa. Mwanangu alikuwa amesimama nyuma ya mwalimu, na alikuwa amegeuka rangi. Tulitazamana. Nikamwambia mwalimu, ndiyo, mama amesafiri, ahsante. Sijui kwa nini. Nilimwonea haya mwanangu, na nilijionea haya mwenyewe, na njia fupi ya kutoka mle ndani ilikuwa ile.

Kwa hiyo tulimkana wawili.

Tulirudi nyumbani kwa miguu kufuata Jogoo Road, mimi na mke wangu mbele, mtoto nyuma hatua ishirini. Mabasi yalipita, vumbi likatuingia machoni. Tulipofika karibu na mzunguko wa barabara mke wangu alisema, "Kile Kiingereza alichomwambia mwalimu, nilikuwa nimesimama pale pale. Maneno mengine sikuyajua. Lile la mwisho nalijua. Wanawake wa mtaani kwetu wanaofanya kazi majumbani mwa watu Eastleigh wanaitwa hivyo."

Nikasimama. "Nikifika nyumbani nitamchapa mpaka—"

"Usimguse."

"Amekukana mbele ya watu!"

"Usimguse, baba watoto. Mama anayekula jikoni na bati shingoni ni nani, kama si yaya? Mtoto ameeleza alichokiona." Hakupandisha sauti. Akaendelea kutembea.

Nilipoingia ndani nilibandua ile karatasi. Nilitoa na msumari, nikalikunja bati kwa koleo, nikalitupa kwenye jalala. Nikawaambia kuanzia leo semeni mtakavyo. Nilidhani nyumba itarudi kama zamani usiku ule ule, unga utakandwa na kitendawili kitategwa. Mke wangu alikanda unga kimya. Watoto walikuwa wameshazoea vitabu vyao na pembe zao.

Kifungua mimba alifaulu, akaitwa shule ya bweni mbali, milimani. Mama yake akaanza kwenda Majengo kila alasiri, kwa shangazi yake, ambako alifundisha wasichana kusoma Kurani na kushona kofia. Nilimfuata huko siku moja kumpelekea ufunguo. Nilimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa anasimulia, wasichana wa watu wanacheka, na alipotokea mlangoni akaniona, akapokea ufunguo, akasema ahsante.

Barua za mwanangu zilikuja kwa Kiingereza, kwa jina langu. Nilimsomea mke wangu baada ya chakula, nikizigeuza Kiswahili. Niliwahi kusikia makarani wakisema kwamba mfasiri ni mwizi. Mimi nilikuwa mvivu zaidi ya mwizi. Kurasa mbili nilizifanya maneno kumi. Hajambo, anasoma, anasalimia.

Alipokuwa kidato cha pili ilikuja barua nene. Ukurasa wa kwanza aliniandikia mimi, akisema kurasa nyingine ni za mama, na kwamba ameziandika kwa Kiingereza kwa sababu kila akijaribu kwa Kiswahili maneno yanayomjia ni ya vijiweni, naye hawezi kumwandikia mama maneno hayo. Akaniomba nimsomee neno kwa neno. "Tafadhali, baba, usifupishe."

Nilianza kuisoma mwenyewe kwanza, kimoyomoyo, mke wangu ameketi mbele yangu, mikono mapajani. Alieleza siku ile shuleni. Alieleza kwamba asingeweza kumtambulisha mama yake kwa mwalimu bila mwalimu kumsemesha Kiingereza, na mwalimu akimsemesha, mama atajibu kama alivyotujibu jioni ile ya wali, na watu watacheka, na yeye hakutaka kuona mtu mwingine akimcheka mama kama baba alivyomcheka. Kwa hiyo alisema uongo wa kwanza uliomjia. Aliandika kwamba kila usiku bwenini anasikia bati likigonga sahani. Aliomba radhi mara nyingi, na kila mara kosa lilirudi likanigusa mimi.

"Anasemaje?" mke wangu aliuliza.

Nikakunja karatasi. "Hajambo. Anasema kuna baridi. Anataka sweta nzito."

Akaenda sokoni kesho yake, akanunua sufu, akafuma sweta kwa siku nne. Nikaituma. Mtoto alipokea sweta na hakupokea jibu. Barua zake baada ya hapo zilikuwa fupi, na kwenye likizo aliwaheshimu wazazi wake wote wawili kama mgeni mwenye adabu. Mama yake alichukulia kwamba mtoto ameshakuwa wa watu wengine. Mimi niliificha ile barua chini ya nguo zangu za kazi na nikanyamaza.

Ningenyamaza hata leo kama serikali isingebadilisha masomo. Mfumo mpya wa elimu ulipokuja, binti yangu mdogo ambaye angemaliza darasa la saba akaongezewa la nane, na Kiswahili kikawa cha lazima kwenye mtihani, lugha na insha. Wiki za kwanza alileta insha nyumbani iliyojaa alama nyekundu. Mwalimu aliniuliza, bila ubaya, "Ninyi si Waswahili, mzee? Mtoto wenu anashindwaje?"

Nilikwenda jikoni. Nilikuwa sijaingia mle kwa muda mrefu. Nikasimama mlangoni nikamwambia mke wangu, "Mama watoto, msaidie mtoto. Kiswahili sasa kinatahiniwa."

"Kwa hiyo sasa kinakwenda mahali," alisema. Kisha akamwita mtoto, akamsogezea kibao cha mbuzi ya kukunia nazi akae.

Walianza na ngeli, kama mwalimu alivyotaka, lakini baada ya wiki moja walikuwa wamekwenda mbali na mwalimu. Nilisikia mtoto akiuliza jina la hiki na kile. Nilisikia "Tega!" Sauti ya msichana wa miaka kumi na minne akijibu mchezo wa watoto, kwa haya kidogo. Nililala chumba cha pili, gazeti usoni. Yule mdogo nilimrudishia mama yake, au tuseme mtihani ndio uliomrudishia. Lakini nilijua chini ya nguo zangu kuna nini.

Jumapili moja, mtoto amekwenda kwa wenzake, niliitoa. Nilimwambia mke wangu kuna barua yako. Nilimsomea yote, neno kwa neno, kurasa zote nne, na nilipofika kwenye habari za wali na kicheko changu sikuruka. Ilinichukua muda mrefu. Hakunikatiza hata mara moja.

Nilipomaliza akauliza, "Ni ya lini?"

"Alipokuwa kidato cha pili."

Sasa alikuwa cha tano. Alihesabu kwa vidole juu ya goti lake. "Miaka mitatu nimemwona mwanangu ana kiburi," alisema. "Kwenye likizo alikuwa akinitazama, nami nageuza uso. Alikuwa anangoja jibu."

"Nilikosa," nikasema. "Niliona aibu."

"Najua uliona aibu. Mimi pia niliiona aibu, tena nyingi. Sikumnyang'anya mtu barua."

Akainuka akachukua karatasi zile mkononi mwangu. Mdogo aliporudi, mama yake alimketisha na kumtajia jibu, naye akaandika, wamefunga mlango wa jikoni. Barua hiyo niliipeleka posta mimi mwenyewe, imefungwa. Sijui ilisema nini hata leo, na sikuuliza.

Kifungua mimba alikuja likizo mwezi wa nne, mvua zimeanza. Aliingia, akaweka sanduku chini, akamwendea mama yake, akapiga goti na kusema, "Shikamoo, mama." Mke wangu akamwekea mkono kichwani, akaitikia. Kisha wakaingia jikoni wote wawili.

Nisiseme kwamba yaliisha. Mtoto alikuwa na miaka kumi na minane, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtaani na cha kubahatisha. Mama yake alisema jambo, kisha nikasikia, "Hilo maana yake nini, mama?" Mama akaeleza kwa maneno mengine, na mara nyingine hayo nayo yakahitaji kuelezwa. Walicheka mara moja. Mara nyingi walinyamaza tu, ukasikika mwiko ndani ya sufuria. Mambo ambayo mama na binti huambizana tangu binti ana miaka kumi, wao walikuwa wanayatafutia maneno sasa, siku chache tu kabla ya shule kufunguliwa tena.

Nilifika mpaka mlangoni. Nilitaka kuingia nikae nao. Mkubwa aliniona, akasimama haraka kama walivyozoea kusimama nikiingia, na akanisemesha kwa Kiingereza.

Nikamwambia kaa, mwanangu, kaa. Nikachukua mwavuli, nikatoka.